Utamu Unaotangulia Hofu

Ngando na Waithaka ni wadi mbili za eneobunge moja, Dagoretti Kusini, magharibi mwa Nairobi. Mtu wa Waithaka mwenye nafasi anaweza kufika Ngando kwa miguu. Ndiyo maana msomaji wa Waithaka anayefungua The Last Villains of Molo, riwaya ya Kinyanjui Kombani iliyotoka mwaka 2004, hana pa kukimbilia. Vijana wa riwaya hiyo wanaishi Ngando. Maisha yao ni ya kubangaiza, kama ya wengi mtaani, na msomaji anawazoea na kuwapenda kabla hajajua walikotoka na wanachokificha. Siri yao inatoka Molo, kwenye machafuko ya kikabila ya mwaka 1992, nayo inawafuata hadi jijini.

Riwaya za Stephen King hazikosekani kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya njia katikati ya jiji, na zina wapenzi wao wa dhati. Lakini Derry, mji wa riwaya yake It, aliubuni mwenyewe akauweka katika jimbo la Maine, mbali kabisa. Kitabu kikifungwa, mji nao umefungwa. Ngando haifungiki. Kesho yake msomaji atakuwa kwenye matatu barabara ya Ngong, kondakta atalitaja jina hilo, na abiria watashuka na mizigo yao. Atawatazama vijana waliosimama stejini na kujiuliza wametoka wapi, wamebeba nini. Baadaye kidogo atakumbuka kwamba nao wanamtazama yeye.

Ufundi wa kuandika giza unastahili sifa kubwa kuliko unayopewa. Wengi huudhani ni ufundi wa kumwaga damu, na kumwaga damu kwenye karatasi si kazi ngumu. Kazi ngumu ni mpangilio: msomaji aonjeshwe nini kwanza, ajue nini baadaye, na ajue akiwa amekwisha kumeza.

Ni vigumu kumpata aliyelifanya hili vizuri kuliko Grace Ogot. Katika mkusanyiko wake Land Without Thunder, uliotolewa na East African Publishing House ya Nairobi mwaka 1968, kuna hadithi inayobeba jina la mhusika wake, Tekayo. Ni mzee mchunga ng'ombe. Siku moja anapata kipande cha nyama kutoka kwa tai, anakichoma, anakila. Ni ini, na katika maisha yake yote hajawahi kuonja kitu kitamu kama hicho. Tangu siku hiyo anatafuta ini la namna ile. Anawinda mnyama huyu na yule, anachoma, anaonja, anasikitika. Utamu ule haupo.

Waithaka haiko mbali na vichinjio vya Dagoretti, vinavyolisha jiji nyama tangu zamani. Huku maini ni chakula cha kawaida, na harufu ya nyama choma jioni haihitaji kuelezwa. Msomaji wa hapa anapofuata hamu ya Tekayo, mate yanamjaa kinywani. Anamwonea mzee huruma. Anatamani apate alichokipoteza. Na Ogot anamwacha hapo kwa muda, anamruhusu atamani, haonyeshi dalili ya hukumu. Kisha mzee anabaki nyumbani na watoto, wajukuu zake mwenyewe, na msomaji anaelewa lile ini la kwanza lilikuwa la kiumbe gani kabla mtu yeyote katika hadithi hajalisema.

Sentensi za Ogot hazibadiliki mwendo wakati huo. Hapazi sauti, haiti giza wala radi. Aliyebadilika ni msomaji: mate yale yale sasa yanamtia kichefuchefu, na hawezi kumtupia Tekayo peke yake lawama ya hamu ambayo yeye pia aliihisi ukurasa mmoja nyuma. Pengine ilisaidia kwamba Ogot alisomea uuguzi na ukunga, Uganda kisha Uingereza. Anauandika mwili wa binadamu bila woga na bila mbwembwe, kama mtu aliyekwisha kuugusa kwa mikono yake.

Mkusanyiko huo huo una hadithi nyingine, The Rain Came, inayotumia ujanja wa aina hiyo kwa upole zaidi. Mvua imekataa, na imeamuliwa kwamba Oganda, binti wa chifu, atolewe kwa zimwi la ziwani. Wazazi wanazungumza faraghani. Binti anasikia jina lake na kudhani wanamchagulia mume. Anaanza kuwapitia wachumba mmoja mmoja moyoni, anatabasamu, anamkataa huyu, anamwaza yule. Msomaji anayajua yote. Anachotaka ni kuingia ndani ya ukurasa amshike mkono, na furaha ya yule msichana inaumiza kuliko kilio chochote ambacho mwandishi angekitia.

Wakikuyu, ambao Waithaka imo katika ardhi yao ya jadi, wana ngano iliyo jirani sana na hiyo. Mzungu mmoja na mkewe, W. Scoresby Routledge na Katherine Routledge, waliichapa mwaka 1910 katika kitabu chao juu ya Wakikuyu, lakini bila shaka ilikuwa imesimuliwa jikoni muda mrefu kabla yao. Msichana Wanjiru anatolewa ili mvua inyeshe. Hachinjwi. Anazama ardhini polepole mbele ya umati, magotini, kiunoni, shingoni, huku akilia kwamba amepotea. Na kila ndugu yake anapotaka kumkimbilia, anapewa mbuzi.

Ni huyo mbuzi anayemkaba mtu koo. Bila mbuzi hii ingekuwa ngano ya mvua na muujiza. Mbuzi anaifanya kuwa habari ya watu wenye akili timamu, wanaompenda msichana, wanaosimama pale na kamba mkononi wakitazama. Msimulizi yeyote aliyemtia mbuzi huyo humo, jina lake limepotea na kazi yake imebaki. Mtoto anayeisikia kwa mara ya kwanza humwogopa mama yake kwa usiku mmoja. Mtu mzima husoma na kukumbuka mashamba yaliyogawanywa kuwa ploti, pamoja na mikutano ya familia ambamo kila mmoja aliondoka na fungu lake.

Kutoka Waithaka kwenda Limuru, palipokuwa nyumbani kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, si safari ya kumchosha mtu. Ngũgĩ aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ katika gereza la Kamiti mwaka 1978, kwenye karatasi za chooni, akiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Ilitoka kwa Kikuyu mwaka 1980 na kwa Kiswahili mwaka 1982 kama Shetani Msalabani. Wasomaji wengi huikumbuka kwa siasa zake, na wana haki. Lakini isomwe pia kama kitabu cha kutisha, maana ndani yake mna mashindano ya wezi, na wezi hao wanapanda jukwaani kwa zamu kujigamba. Mmoja anawaza kuuza udongo kwenye mikebe na kuikamata hewa ili watu wanunue pumzi. Mwingine anataka viungo vya binadamu viuzwe ili tajiri awe na midomo miwili na matumbo mawili. Mwingine tena ana mpango wa mabomba ya kuwakamua wafanyakazi jasho, damu na ubongo.

Msomaji hucheka, na Ngũgĩ anataka acheke. Majina ya wazungumzaji hao na matumbo yao yamechorwa kwa furaha kubwa ya lugha. Kisha, mahali fulani kati ya hotuba mbili, kicheko kinakatika chenyewe. Nani huku mitaa ya magharibi hajanunua maji kwa mtungi wakati mifereji imekauka? Mwenye kiu haoni umbali mkubwa kati ya mtungi wa maji na mkebe wa hewa. Kicheko kilifungua mlango, na kilichoingia hakikuwa cha kuchekesha.

Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alichukua njia baridi zaidi. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kabla ya kurudishwa baadaye, na hata leo kuna wasomaji wanaoifunga kwa hasira katikati. Hasira hiyo ni jibu halali. Baba yake Rosa, Zakaria, anampiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana, na kipigo kinatolewa kwa jina la malezi. Hakuna zimwi. Kuna baba anayeamini anafanya vema, na msichana anayefungwa sana nyumbani hadi siku atakapofunguliwa hajui pa kusimama. Kinachomtesa msomaji ni kwamba mwanzoni, kwa kurasa chache, anaweza kumwelewa yule baba.

Miaka mitatu baadaye ikaja Kichwamaji, na hapo Kezilahabi akampa usimulizi Kazimoto mwenyewe, mwanafunzi wa chuo kikuu anayetafuta kisasi kwa ajili ya dada yake Rukia. Sauti yake ni tulivu, yenye akili, wakati mwingine ya kuvutia. Msomaji anazoea kufikiri pamoja naye. Anakubali hoja moja, kisha ya pili, na anapogundua hoja hizo zinaelekea wapi, tayari amekwenda na msimulizi mbali kuliko alivyokusudia. Kusoma Kichwamaji usiku mmoja bila kupumzika si jambo la kumshauri kila mtu, hasa mwenye msiba mchanga. Wapo wanaoiweka chini na kuirudia baada ya mwaka, na kitabu hakipungukiwi kitu kwa kungojewa.

Pana mahali ambapo hofu ya kubuni hukutana na hofu ya kweli, na ufundi hupimwa hapo kuliko mahali pengine popote. Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyochapishwa mwaka 2014, ilitahiniwa katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya, kuanzia mwaka 2018. Inahusu familia zilizovunjwa na ghasia za baada ya uchaguzi. Oktoba 2017, Kawangware, mtaa usio mbali na Waithaka, iliona nyumba zikichomwa na watu wakiuawa baada ya uchaguzi wa marudio. Kwa hiyo baadhi ya wanafunzi wa mitaa hii walikifungua kitabu cha mtihani wakiwa wanajua tayari moshi wa aina hiyo unanukaje.

Matei alifanya uamuzi wa busara sana. Hakuanza na moto. Alianza baada yake, na Ridhaa amesimama kwenye mabaki ya jumba lake, akikumbuka. Utamu unaotangulia umo humu pia, ila umekuja kwa mlango wa nyuma: ni ujirani wa miaka mingi na Mzee Kedi, watu waliosaidiana na kuaminiana. Msomaji anaujua mwisho wa ujirani huo tayari, na bado anapousoma anajikuta akiutumainia. Kijana aliyeona moto kwa macho yake hakulazimishwa kuuona tena kwanza. Alipewa majivu, kisha watu.

Darasani swali la kwanza kwa kawaida huwa dhamira, kisha wahusika na sifa zao, kisha mbinu. Mwanafunzi hujifunza kusema kwamba mwandishi ametumia taharuki, akapata alama yake, bila kuulizwa taharuki hiyo ilimfika wapi mwilini. Lingekuwa jambo jema swali likaanzia kwingine: ni ukurasa gani uliokufanya ukiweke kitabu chini, na mwandishi alikuwa amekwambia nini kwenye ukurasa uliotangulia? Mmoja atataja tai wa Tekayo, mwingine mbuzi wa Wanjiru, mwingine atasema ni pale Ridhaa alipomkumbuka jirani yake. Mwalimu anaweza kuandika majibu hayo ubaoni kabla ya kufikia dhamira, na asiyetaka kujibu aruhusiwe kunyamaza.