Kica, Neema na Cheti cha Msamaha

Nilipoanza kusoma Kiswahili chuoni nilidhani kwamba kica, neno la Kiacholi ambacho ni lugha yangu ya kwanza, lina mwenzake mmoja. Sivyo. Kanisani kwetu Gulu, kica cha Mungu ndicho Waswahili wanachokiita neema. Ukimwonea huruma mgonjwa, una kica. Ukimsamehe aliyekukosea, hiyo ni timo kica. Kiswahili kina neema, rehema, huruma na msamaha, na kila neno limeshika njia yake.

Neema limekwenda mbali kuliko mengine. Neno hili lenye asili ya Kiarabu hubeba maana ya baraka na wingi wa riziki: mvua ikinyesha vyema, ni mwaka wa neema, aliyefanikiwa ameneemeka. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na magazeti ya Kiswahili, yanayopenda vichwa vya habari vya aina ya “Neema kwa walimu”. Ukisoma habari yenyewe, unakuta serikali imelipa malimbikizo ya mishahara. Mtu amefanya kazi, akacheleweshewa ujira wake, na siku anapolipwa anaambiwa kapata neema! Kanisani, neema ni kile usichokistahili. Mvua nayo haidaiwi na mtu. Gazeti linachukua neno hilohilo na kugeuza deni kuwa zawadi. Wahariri watajitetea kwamba neno ni fupi. Ni kweli, lakini “haki” ni fupi zaidi.

Kama jambo hili lingeishia magazetini, nisingeliandikia makala. Kwetu Uganda, Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 iliahidi kwamba yeyote aliyepigana na serikali tangu Januari 26, 1986, akiacha uasi na kusalimisha silaha, hatashtakiwa. Zaidi ya watu 26,000 walipewa msamaha huo, na cheti chake. Viongozi wa dini wa Acholi waliipigania sheria hiyo, nami siwalaumu. Vita vilikuwa vinakula watoto, na aliyeko msituni hatoki akijua kitanzi kinamngoja.

Lakini wengi katika jeshi la LRA walikuwa watoto waliotekwa. Mtoto anachukuliwa usiku, anarudi mtu mzima, anakabidhiwa karatasi isemayo amesamehewa. Amesamehewa nini? Anayemsamehe ni serikali iliyoshindwa kumlinda. Ni yaleyale ya walimu: mdaiwa amekalia kiti cha mkarimu. Na yule aliyekatwa midomo au kuuliwa wazazi? Sheria haikumtaka anayerudi akiri mbele yake alichomtendea. Serikali ilisamehe jeraha lililo kwenye mwili wa mtu mwingine.

Kesi ya Thomas Kwoyelo, aliyesema alitekwa akiwa mvulana njiani kwenda shule, inafanya maneno haya yazidi kuyumba. Alikamatwa mwaka 2009, akaomba msamaha chini ya sheria hiyo, hakupewa. Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ilisema anastahili kama walivyostahili wenzake. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikakataa, na mwaka 2024 alihukumiwa kifungo cha miaka 40. Mawakili wake waliudai msamaha kama haki, kwa hoja ya usawa. Sioni kosa lao. Kitu kinachotolewa kwa maelfu kwa kujaza fomu kimeshakuwa haki, hata kikiitwa msamaha.

Kiacholi nacho hakina usafi wa kujivunia hapa. Msamaha wa serikali na kusameheana kwa majirani vyote tunaviita timo kica, na hivyo ni rahisi mwenye cheti kuamini kwamba jirani naye ameshamsamehe. Darasani sasa natafsiri jina la sheria ile kwa “kutoshtakiwa”. Mwalimu wangu analiona neno hilo baya, na kwa sikio yuko sahihi. Bado silifuti, kwa sababu jirani hajaulizwa.