Tazama Tairi za Mbele

Mavuno ya mpunga yakianza, kati ya Mei na Julai, barabara ya Kidatu hadi Ifakara hujaa matela. Ukisimama Mkula, kati ya Sanje na Mang'ula, milima ya Udzungwa ikiwa upande mmoja na mashamba ya mpunga na miwa upande wa pili, utayaona ya kila aina. Litapita la pawatila (trekta dogo la kuongozwa kwa mishikio) lenye magunia na watu juu yake, la trekta la tairi mbili lililofunikwa turubai, yale makubwa ya miwa yanayokwenda kiwandani, na mara mojamoja pikapu iliyofungiwa tela la mabati. Wengi wetu tunaotazama huhesabu magunia. Mjuzi hutazama tairi za mbele za chombo kinachovuta, na kabla tela halijampita ameshajua kama aliyelipakia anaijua kazi.

Tairi hizo zikiwa zimekaa chini kwa uzito wake, mpira ukiwa umebonyea kidogo pale unapogusa lami, na usukani ukigeuza bila kuteleza, kazi imefanywa vizuri hata mzigo ukiwa mkubwa. Zikiwa zinaelea, zinarukaruka kwenye kila tuta na dereva anazungusha usukani mara mbili kwa kona ndogo, kazi ni mbovu hata kama mzigo ni magunia 8 tu. Wingi wa mzigo ni suala la nguvu za injini. Pale uzito unapoangukia ni suala la ufundi, na ndipo watu wanapopishana.

Tela la tairi mbili ni bembea. Ekseli ndiyo egemeo, na mkono unaokwenda kwenye pini inayolifunga tela kwa chombo kinachovuta ndio upande mmoja. Chukua tela ambalo umbali kutoka kwenye pini hadi kwenye ekseli ni mita 3. Gunia la kilo 100 likilazwa juu ya ekseli kabisa, pini haisikii kitu. Lisogeze mita 1 mbele, nalo litakandamiza pini kwa kilo 33 hivi. Lirudishe mita 1 nyuma ya ekseli, sasa linainua pini kwa kilo 33 zilezile. Maana yake magunia 4 yakitolewa nyuma na kuwekwa mbele, pini inapata tofauti ya karibu kilo 270, na hakuna hata gunia moja lililoongezwa wala kupunguzwa. Hii ndiyo sababu utingo mzuri utamsikia akisema, "Mzee, nyuma kumelemea, tusogeze mawili mbele," wakati mwenye mzigo anaona wanapoteza muda.

Pini ikikosa uzito, tela linaanza kuchezesha mkia. Linakwenda kushoto, linajirekebisha, linavuka kulia, na kila mara linazidi kidogo. Zamani barabara hii ilipokuwa vumbi na mashimo, mwendo mdogo ulificha kasoro hiyo. Tangu lami iingie, mwendo umeongezeka na mkia umeonekana. Kinachotakiwa ni pini ikandamizwe, na ikandamizwe kwa kiasi. Kwa matela ya kuvutwa na magari madogo, Marekani wanaelekeza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela iangukie kwenye kiungio. Ulaya, ambako matela hujengwa tofauti na kuvutwa na magari mepesi zaidi, wanaridhika na asilimia 5 hadi 7. Tela lenye tani 1 na nusu kwa kipimo cha Marekani litakandamiza kwa kilo 150 hadi 225.

Kwenye trekta hesabu inageuka, na hapa naomba msomaji anifuate taratibu. Pini ya trekta haiko juu ya ekseli ya nyuma. Iko nyuma yake, tuseme sentimita 80. Trekta lenyewe lina mita 2.2 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukiweka kilo 400 kwenye pini, ekseli ya nyuma haibebi kilo 400 tu. Inabeba karibu 545, kwa sababu kilo 145 zimeinuliwa kutoka mbele na kuhamia nyuma. Trekta la kilo 2,400 linatakiwa libakize mbele angalau asilimia 20 ya uzito wake, yaani kilo 480, ili usukani uwe na maana. Sasa liweke kwenye mwinuko, likaze kuvuta, na uzito zaidi unahama kwenda nyuma wenyewe. Ndiyo maana Massey Ferguson iliyokwenda vizuri kwenye tambarare inaanza kunyanyua pua pale inapopanda kutoka mtoni.

Dawa yake iko mbele na nyuma. Mbele ni vyuma vya uzito vinavyopachikwa puani mwa trekta. Vingi vimeshang'olewa na kuuzwa chuma chakavu, na hilo ni kosa la kusikitisha. Nyuma ni kupanga upya mzigo. Pia angalia pini imefungwa wapi. Mahali pake ni kwenye mkono wa chini wa kuvutia, chini ya usawa wa ekseli ya nyuma. Anayefunga tela juu, kwenye tundu la mkono wa tatu unaobebea jembe, amejitengenezea njia ya trekta kupinduka kinyumenyume na kumlalia dereva. Hilo halina mjadala, hata kama tela ni tupu na safari ni ya kutoka shambani hadi nyumbani.

Matela ya miwa yenye ekseli mbele na nyuma ni habari nyingine. Ekseli ya mbele inageuka pamoja na mkono, na mzigo unabebwa na tairi za tela lenyewe, kwa hiyo pini haipati uzito mwingi. Ubora wake unapimwa kwa breki na kwa jinsi yanavyofuata nyayo za trekta.

Pawatila inastahili kuongelewa zaidi, maana ndiyo iliyomtoa mkulima mdogo wa skimu ya umwagiliaji ya Mkula kwenye kubeba kwa kichwa na baiskeli. Ziliingia kwa wingi nchini wakati wa Kilimo Kwanza, kampeni iliyozinduliwa 2009, nyingi zikiwa na injini ya nguvu farasi 12 hadi 16. Shambani watu waliisifia kwa kulima. Mimi naona ilileta mageuzi makubwa zaidi barabarani, kwa tela lake.

Pawatila ina ekseli moja tu. Injini imekaa mbele ya ekseli hiyo, tela linafungwa nyuma yake, na dereva anakaa kwenye kiti kilicho mbele ya bodi, kwa hiyo mwili wake nao ni sehemu ya uzito wa pini. Mzigo ukisogea mbele kupita kiasi, injini inanyanyuka na mishikio inashuka mapajani mwa dereva. Ukirudi nyuma kupita kiasi, mishikio inapanda kifuani na tairi za pawatila zinakosa kushika. Kwa hiyo mjuzi wa pawatila hutazama mikono ya dereva. Ikiwa imetulia, viwiko vimekunjwa kidogo, na haishindani na mishikio wakati wa kuondoka, tela limepangwa sawasawa.

Kuna jambo la mteremko ambalo kila anayepanda pawatila anapaswa kufundishwa kabla ya kushika ufunguo. Kwenye tambarare, ukibana klachi ya mkono wa kushoto, tairi la kushoto linaachwa huru, la kulia linaendelea kusukuma, na chombo kinakwenda kushoto. Kwenye mteremko tela ndilo linalosukuma. Ukibana ya kushoto, tairi hilo linakimbia huru huku la kulia likizuiwa na injini, na chombo kinakwenda kulia. Mzigo mzito ulioelemea mbele unaongeza msukumo huo. Dereva mzuri hupunguza gia kabla ya kuanza kushuka, haziminyi klachi hizo hata kidogo, na anaongoza kwa mishikio mpaka chini. Ukimwona kijana anafanya hivyo bila kuambiwa, mpe mzigo wako.

Upakiaji wenyewe una mtindo wake. Gunia la mpunga uliovunwa asubuhi na gunia la mpunga uliokauka hayana uzito mmoja, hata yakilingana kwa ukubwa. Mpunga huvunwa ukiwa na unyevu wa asilimia 20 na zaidi, na unaofaa kuhifadhiwa una asilimia 14 hivi. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake, nayo inapotosha jicho kabisa. Wapakiaji hodari hulinyanyua kila gunia kabla ya kuamua liende wapi. Mazito yanalala chini, juu ya ekseli. Mepesi yanakwenda juu na pembeni. Safu ya kwanza inaanzia ukuta wa mbele, na kila gunia linaegemea mwenzake ili lisitembee tela likifunga breki. Pengo la nusu gunia mbele ni baya, kwa sababu breki moja ya ghafla italijaza, na uzito uliopangwa kwa nusu saa utahama kwa sekunde moja.

Baada ya hapo piga magoti uitazame pini. Pini nzuri ni ya chuma kigumu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, ina kichwa juu na kifungio chini, na inajaa kwenye tundu lake. Pini mbaya ni kipande cha nondo kilichokunjwa. Hata pini nzuri huchakaa: shika mkono wa tela, utikise mbele na nyuma, usikilize. Mlio mmoja mfupi si tatizo. Ukiona tundu limekuwa umbo la yai na chuma kimeng'aa upande mmoja, mpelekee fundi kabla ya safari, kwa sababu kila tela linapogonga pengo hilo linalipanua. Na uwepo mnyororo. Ipitishwe miwili kwa kupishana chini ya mkono wa tela, ili pini ikikatika mkono uangukie juu ya mnyororo na sio kuchimba lami.

Sasa nije kwa pikapu na matela ya kupigia kambi. Wageni wanaokuja Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992 na yenye makao yake Mang'ula, wakati mwingine hufika na matela ya namna hii, na vijana wetu wa gereji wanaulizwa kuhusu kiungio cha kusawazisha uzito. Ni kifaa kinachotumika sana Marekani. Kina fito mbili za springi zinazotoka chini ya kiungio na kurudi chini ya mikono ya tela, kisha ncha zake zinanyanyuliwa na kukazwa kwa minyororo. Zikikazwa, zinakwenda kinyume na ile hesabu ya trekta niliyoitoa juu: zinarudisha uzito kutoka ekseli ya nyuma ya gari kwenda ya mbele, na sehemu nyingine zinaihamishia kwenye tairi za tela.

Kukifunga vizuri kunahitaji futi kamba na uwanja tambarare. Pima kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi ya mbele kabla ya kufunga tela. Tuseme ni sentimita 90. Funga tela lililopakiwa, pima tena, pua imepanda hadi 93. Kaza springi, upime mara ya tatu. Baadhi ya watengenezaji wa magari wanataka nusu ya kile kilichopanda kirudi, yaani 91.5. Wengine wanataka karibu chote. Kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Pua ikishuka chini ya 90, umekaza kupita kiasi, na tairi za nyuma zitakosa kushika mvua ikinyesha.

Maoni yangu ni kwamba kifaa hiki kinafaa kwa tela zito la safari ndefu kwenye lami. Hakiongezi uwezo wa gari, na hakiponyi tela lililopakiwa vibaya. Ukiacha lami kuingia njia ya shamba yenye mifereji, legeza au ondoa fito, kwa sababu gari likishuka mferejini huku tela likiwa bado juu, fito hizo hubeba nguvu zisizo zake na zinaweza kupinda mkono wa tela. Kilicho bora ndani yake, na kinachofaa kwa wote, ni kile kipimo cha futi kamba. Mwenye Hilux inayovuta tela la mpunga anaweza kukifanya bila kununua kitu: pua ikipanda sana, arudishe gunia moja nyuma, apime tena. Mizani ya barabarani nayo inafikiri hivyo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya 2016, inayotumika Tanzania tangu 2019, hupima ekseli mojamoja pamoja na jumla. Lori linaweza kuwa ndani ya jumla na bado likakutwa na kosa kwa sababu ekseli moja imeelemewa.

Anayetengenezewa tela jipya kwa fundi wa kuchomelea aanze na swali la ekseli. Mafundi wengi huiweka katikati ya bodi kabisa kwa sababu inapendeza macho. Kwa bodi ya mita 3, mwambie airudishe nyuma ya katikati kwa sentimita 20 hadi 30. Umbali wa pini hadi ekseli ukiwa zile mita 3 za mfano wa mwanzo, mzigo wa kilo 1,500 uliosambazwa sawasawa utakandamiza pini kwa kilo 100 hadi 150 bila mpakiaji kuhangaika. Kisha muombe ashikize kwa nukta tu kwanza, mpandishe magunia machache, mzungushe uwanjani, mtazame mkono wa tela unakaaje, ndipo achomelee moja kwa moja.