Jina la Mnunuzi Tunalo, la Fundi Je?

Jina la kitabu ni la kwetu: Mwana Hiti, yaani mtoto wa mti. Mwandishi ni Marc Leo Felix, mfanyabiashara wa sanaa wa Brussels, na kilichapishwa Munich mwaka 1990, kwa Kijerumani na Kiingereza. Kinahusu jamii za mashariki mwa Tanzania zilizohesabu ukoo kwa upande wa mama: Wazaramo, Wakwere, Waluguru, na Wazigua ambao kwao ni Handeni na Korogwe.

Tuwe wakweli, Felix ana jicho. Anayeuza sanaa anaishi kwa kutofautisha. Mbele ya kigogo kisicho na mikono, chenye matiti madogo na nywele zilizochongwa kama vishungi viwili, anajua aulize nini. Kabla ya vitabu kama hiki, na maonyesho makubwa ya sanamu za Tanzania yaliyofanyika Berlin na Munich mwaka 1994, wakusanyaji wengi walidhani uchongaji wetu ni Wamakonde tu. Kwa hilo namshukuru.

Ninachogombana nacho ni lugha ya soko. Huko kifaa kinapanda bei kwa mambo mawili: orodha ya waliowahi kukimiliki, na ule mng'ao wa kale. Sasa mng'ao huo umetoka wapi? Mwali alipowekwa ndani alipewa mwana hiti amlee: amwogeshe, ampake mafuta, amtunze kama mtoto. Mnunuzi analipia kazi ya mikono ya wasichana hao, ila kwenye orodha ya wamiliki hawamo. Mara nyingi orodha inaanzia kwa Mzungu wa kwanza. Na fundi? Ameandikwa "Mzigua", basi. Kabila limegeuzwa kuwa sahihi yake.

Mtu atasema mafundi wa zamani hawakuweka majina. Kwenye mti, sawa. Lakini aliyehitaji mwana hiti alijua akapige hodi kwa nani.

Mlinganishe na Edward Saidi Tingatinga, aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuanza kuchora Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1972, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Yeye alichora auze, kwa hiyo jina lilisafiri na picha. Fundi wa Handeni alimchongea jirani, na jirani hakuhitaji kuandikiwa. Kifaa kilipoondoka kijijini, jina lilibaki nyuma.

Ndiyo maana nakiona kitabu cha Felix kama nusu ya kazi. Nusu nyingine iandikwe kwa Kiswahili, na mtu atakayekaa na mabibi wa Handeni na Korogwe akawauliza: wa kwenu alichongwa na nani? Ulimpokea kwa nani? Aliondokaje nyumbani, aliuzwa, aliombwa au aliibwa? Majibu hayo hayapo kwenye ghala lolote la Brussels, na mabibi wenyewe wanazidi kupungua.