Terazo Imerudi, na Mimi Nimelala Juu Yake

Saa kumi na moja alfajiri, na mimi niko chini. Sijaanguka. Nimelala kifudifudi katikati ya sebule yangu mwenyewe hapa Tabata, shavu limegusa sakafu, jicho moja nimelifumba, natazama taa ya barabarani inavyoingia dirishani na kujinyoosha chini mpaka mlango wa jikoni bila kukatika popote. Mume wangu katoka chumbani, kasimama. "Mama watoto, kulikoni?" Nikamwambia vua ndala, lala. Akalala! Sasa tuko wawili, tunaangalia mwanga chini kama watu walionunua bahari.

Fundi amefunga mashine yake jana jioni. Leo ndiyo siku ya kwanza ninaishi na terazo, na sina subira ya kungoja mwezi upite ndipo niandike kwa utulivu. Utulivu wa nini? Jamani, nyie, sakafu hii!

Ngoja kwanza nieleze nilikotoka, maana furaha ya mtu aliyeponyoka haifanani na ya mtu aliyezaliwa huru. Nyumba hii tuliikuta na vigae vyeupe vya sentimita 60 kwa 60, vile vya kung'aa kama sahani ya harusi. Ukivigonga kwa kifundo cha kidole, nusu yake vilijibu kama ngoma. Tulipovibandua ndipo nikaona sababu: aliyevipachika aliweka madonge matano ya udongo wa saruji, pembe nne na moja katikati, akabonyeza, akapima kwa pimamaji, akaondoka zake. Kwingine kote ni hewa. Mchi ulipomponyoka dada jikoni, kigae kikatawanyika. Kutafuta mwenzake? Hata boksi zenye jina moja hutofautiana rangi kutoka mkupuo mmoja wa kiwanda hadi mwingine, kwa hiyo tuliishi na kiraka cha rangi ya maziwa katikati ya weupe wa chaki kwa miaka. Halafu Ramadhani moja mama yangu akatoka kutawadha, miguu ina maji, akateleza. Mkono ulipona. Mimi na vigae vile hatukupatana tena.

Tulipoamua kukarabati, nilikwenda Kariakoo nikiwa na vipimo kwenye karatasi: sebule mita nne na nusu kwa sita, jumla mita za mraba 27. Boksi la 60 kwa 60 huwa na vigae vinne, yaani mita 1.44. Ongeza asilimia kumi ya kukata na kuvunjika, unapata boksi 21. Hesabu hiyo niliirudia duka baada ya duka mpaka wauzaji wakaanza kuniita mwalimu. Na vigae vya siku hizi si vibaya, niseme haki. Vinavyotoka viwanda vyetu vya Chalinze na Mkuranga vimeshusha bei mpaka mtu wa kawaida anaweka tailizi hadi barazani. Ukitaka vigumu zaidi, ulizia poslini: hivyo hunywa maji chini ya nusu ya asilimia ya uzito wake, ndiyo maana havipati madoa upesi.

Nikaonyeshwa pia mbao zile za SPC, unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa na plastiki, zina ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, unazibana moja kwa nyingine bila gundi wala saruji. Chumba kinakwisha kwa siku moja. Kama umepanga na mwenye nyumba hataki kelele, nenda nazo, na uangalie tabaka la juu liwe nusu milimita, si chini ya hapo. Lakini kinachoonekana juu yake ni picha ya mti. Nimeitazama kwa karibu: fundo lilelile la mninga linajirudia kila baada ya mbao chache. Nikishaliona sitaacha kuliona.

Na hapo ndipo ilipotokea. Duka la mwisho, jua la saa nane, mlango umeegeshwa kwa kipande cha jiwe ukubwa wa msahafu. Nikajikwaa nacho. Nikainama kukisogeza, nikakuta kina madoa: meupe, meusi, machache ya kijani kibichi cha mwani, yamelala kwenye rangi ya maziwa ya chai. Nikakipangusa kwa kanga. Kikawaka. Nikauliza, hii bei gani? Muuzaji akacheka. "Hiyo haiuzwi mama, hiyo ya kuzuia mlango."

Ilikuwa sampuli ya terazo, imeachwa na fundi mmoja zamani. Namba yake ilikuwa imeandikwa kwa nyuma kwa kalamu ya rangi. Nikapiga palepale, nikiwa bado nimechuchumaa.

Wewe uliyekulia mjini unaijua terazo hata kama jina hulijui. Ni zile ngazi za maghorofa ya zamani ya Upanga na Kisutu, zenye chembe za mawe, ambazo watu wamezikanyaga miaka hamsini, sitini, na kilicholika ni ukingo tu. Ni korido za hospitali na benki za enzi zile. Waitalia wa Venice ndio walioipa jina, wakiitengeneza kwa mabaki ya marumaru ya wachongaji. Zile nyota za Hollywood ambazo watalii wanapigia picha zimelazwa kwenye terazo, mistari yake ya shaba. Sisi tuliisahau kwa sababu vigae vilikuja kwenye boksi, na boksi halihitaji fundi mwenye subira.

Fundi wangu ni mzee wa rika la baba yangu. Namwita baba, naye ananiita mwanangu, hata pale tulipokuwa tunavutana bei. Alikuja na kijana mmoja wa kumsaidia na swali moja tu: "Mnaweza kupikia uani wiki tatu?" Tungeweza.

Walibandua vigae kwa tindo siku mbili. Jamvi la chini likaonekana zima, wakalichonga chonga lishike, wakaliosha mpaka maji yakatoka safi. Kisha mzee akapiga kamba na kupanga vipande vyembamba vya alumini, akagawa sebule yote katika miraba ya mita moja hivi. Nilidhani ni pambo. "Hapana mwanangu. Saruji lazima ipasuke. Hii ni kuiambia ipasukie wapi." Nilitaka za shaba. Nilipoambiwa bei nikaipenda alumini ghafla.

Halafu mchanganyiko: saruji nyeupe, rangi ya oksaidi ya manjano kidogo sana (alipima kwa kikombe cha kahawa, mara mbili, akakirudisha nusu), na kokoto za marumaru ambazo anasema anazifuata Morogoro. Kokoto ni nyingi kuliko saruji, zaidi ya maradufu. Wakamwaga unene wa sentimita mbili, wakasawazisha kwa mwiko, wakanyunyiza kokoto nyingine juu kwa mkono kama mtu anayelisha kuku, wakapitisha rola nzito. Piga hesabu: mita 27 kwa sentimita mbili, hiyo ni zaidi ya tani moja ya mawe imelala sebuleni kwangu. Mwenye ghorofa amuulize mhandisi kwanza.

Ilipokauka, nilitaka kulia. Ilikuwa mbaya! Mbaya kama ukoko wa wali. Imeparara, imefifia, mawe hayaonekani, ni uvimbe uvimbe tu. Siku saba tukaimwagilia maji asubuhi na jioni kama mche wa mchicha, na kila siku mume wangu ananitazama bila kusema neno, na kutosema kwake kulikuwa na maneno mengi.

Siku ya nane ikaja mashine.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hili ndilo jambo ambalo hakuna boksi la vigae litakalokupa. Mashine ni nzito, ina mawe ya kusagia chini yake yanayozunguka, na mzee anaishika kwa mikono miwili anaiyumbisha kushoto na kulia, kijana anamwagia maji. Kelele haielezeki. Uji mweupe mzito ukaanza kutapakaa, kama uji wa mchele, ukapanda kwenye kuta, ukaruka dirishani, ukatua kwenye shuka za jirani yangu zilizokuwa kambani. (Nimezifua mwenyewe. Tumeshasameheana.) Umeme ukakatika katikati, tukakaa kwenye ngazi tukinywa maji, ukarudi, kelele ikaanza upya. Baada ya nusu saa hivi mzee akazima, akachukua kifutio cha mpira cha mpini mrefu, akasukuma ule uji mara moja tu, upana wa kama mkono.

Mawe!

Yalikuwa pale muda wote. Kila kokoto imekatwa bapa kichwani, unaiona ndani: nyeupe yenye mshipa wa kijivu, nyeusi yenye vumbi la fedha, ya kijani kama kipande cha chupa kilichotupwa na bahari. Hakuna mbili zinazofanana. Hakuna picha inayojirudia. Nilipiga kelele mpaka dada akatoka mbio uani na mwiko wa ugali mkononi. Mzee akasema hiyo bado, hiyo ni ya kwanza tu. Akapaka tena uji wa saruji ileile kuziba vitundu vidogo, akaiacha siku tatu, akarudi na mawe laini zaidi, kisha laini tena, na kila alipopita mwanga uliingia chini zaidi. Mwisho akapaka dawa ya kuziba, akasugua kwa kitambaa. Hakuna mistari ya grauti ya kusugulia kwa mswaki kila Jumamosi. Hata skatingi ameimwaga kwa terazo ileile, ikapinda kutoka sakafuni kwenda ukutani bila kona, kwa hiyo vumbi halina pa kujificha.

Na ubaridi wake! Dar hii, joto hili, unaingia kutoka nje unavua viatu na miguu inapoa kabla hujaketi. Watoto wamehama makochi kabisa.

Sasa lawama, maana sitaki mtu anipigie simu baadaye. Ya kwanza ni ndimu. Marumaru na saruji haziwezani na tindikali, nami ni mtu wa pwani: ndimu, siki, ukwaju, achari, hivyo ndivyo vyakula vyangu. Nilijaribu kwenye ile sampuli ya mlangoni (ndiyo, niliichukua, muuzaji alinipa bure kwa kicheko). Nikadondosha matone matatu ya ndimu, nikaenda kuswali, niliporudi palikuwa na duara lililofifia, ukilipapasa limekwaruza kidogo. Dawa ya kuziba inakupa muda wa kupangusa, haikupi msamaha. Kwa hiyo jikoni, chini ya meza ya kukatia, nimeweka poslini, tena bila aibu.

Ya pili, usimwachie fundi ang'arishe kila mahali kwa furaha yake. Sebuleni sawa. Bafuni na pale pa kutawadhia nilimwambia asimame kwenye jiwe la kati, pawe panakwaruza kidogo mkononi. Hakupenda, alisema naharibu kazi. Nikamweleza habari za mama, akanyamaza, akabadilisha jiwe.

Ya tatu ni pesa. Kokoto na saruji nyeupe si tatizo, ni mikono. Unalipa siku za watu wawili kwa wiki tatu, na mashine ya kukodi, na ukijumlisha unapita bei ya vigae vizuri bila kupepesa. Na wanaoijua kazi hii wamebaki wachache, wengi wao wazee. Mimi ningemtafuta fundi kwanza, kabla hata ya kununua mfuko mmoja wa saruji, na ningemdai nione sakafu aliyomwaga miaka kumi iliyopita, si picha kwenye simu.

Karibu na mlango wa jikoni kuna kasoro pia: kokoto moja nyeusi, kubwa kama punje ya korosho, imekaa peke yake kwenye weupe, kijana aliidondosha na mzee hakuiona. Alitaka kuichimbua azibe. Nimekataa. Mwanangu wa mwisho ameshaipa jina na anaikanyaga kila anapopita.

Kumepambazuka. Mume wangu kalala kwelikweli, palepale chini, anakoroma. Jumatatu mashine inarudi kwa ajili ya baraza, na jirani nimeshamwambia asianike kitu.