Kumbukizi ya Songea na Haki ya Kuuliza

Kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa Februari, watu hukusanyika mjini Songea kuwakumbuka mashujaa 67 walionyongwa na Wadachi tarehe 27 Februari, 1906, katika Vita vya Maji Maji. Pana kaburi lao la pamoja, pana kaburi la Nduna Songea Mbano lililo peke yake, na pana makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1980, ambayo leo yamo katika Makumbusho ya Taifa. Hadhara yenye mizizi kama hii yastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki tamthilia au diwani: nini kinasemwa, nani anakisema, na nani hapewi nafasi.

Sherehe zetu za kitaifa zina taratibu zake, nazo ni gwaride, mashada, hotuba na ngoma. Sina ugomvi na hotuba. Nimeziandikia wakubwa nyingi mno hata nikazizoea. Lakini kwa ngoma, mimi mtunzi wa mashairi siwezi kunyamaza. Lizombe na ligihu za Wangoni zikipewa dakika chache ili kumburudisha mgeni rasmi, watazamaji huona miguu na mavazi, wasisikie maneno. Ilhali habari yenyewe imo katika maneno. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alipotunga utenzi wa vita hivi, uliochapwa mwaka 1933, aliyatia matukio ndani ya vina ili yasikilizwe. Mwimbaji wa Ungoni naye anadai sikio kama hilo, na mkalimani kando yake.

Jambo zito zaidi ni ile simulizi moja tunayoirudia jukwaani, kwamba maji yaliwaunganisha watu wote wakawa kitu kimoja. Kuna ukweli mkubwa ndani yake, na taifa changa liliuhitaji. Hata hivyo, mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walipokwenda vijijini kuwahoji wazee, masimulizi waliyoyakusanya hayakufanana. Umatumbi, vita vilikoanza Julai 1905, wakulima waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Ungoni, ambako maji yaliletwa na Kinjala, watawala walikuwa na uchungu wa enzi iliyopokonywa. Na enzi hiyo nayo ilikuwa imewaelemea wengine: Wangoni walitoka kusini wakiwa washindi, na jamii walizozitawala zilikuwa na hesabu zao wenyewe na Wangoni. Mjukuu wa mtwana na mjukuu wa nduna hawawezi kusimulia mwaka 1905 kwa mdomo mmoja. Kumbukizi isiyowapa wote wawili nafasi humpokonya mmoja wao jadi yake, tena kwa jina la umoja.

Wapo pia wasiokuwa na kaburi la kuwekewa shada. Chabruma wa Mshope alikimbilia Msumbiji akafia huko. Wadachi walichoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kupita bunduki. Makadirio ya vifo vyote huanzia 75,000 na kufika 300,000. Walio wengi hapo ni watoto, akina mama na wazee walioanguka njiani wakitafuta mizizi. Nkomanile wa Kitanda, mwanamke aliyenyongwa pamoja na wakubwa wa Ungoni, angalau jina lake limebaki. Hao wengine jina lao ni idadi tu, na ngoma ya vita haiwezi kuwalilia.

Tarehe 1 Novemba, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo makumbushoni akaomba msamaha. Magazeti yaliliandika sana neno hilo la msamaha. Kwangu mimi kilichokuwa kizito zaidi ni kwamba alikutana na ukoo wa Nduna Songea, nao wana swali lao: kichwa cha babu yao, ambacho kwa masimulizi yao kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, kiko wapi? Swali hilo lina mwenyewe, na aliyeulizwa hakuweza kulijibu kwa hotuba.

Hadhara hii ingefaa itengewe nusu siku ya baraza la namna hiyo. Wazee wa Songea, Namtumbo na Mbinga waketi, wanafunzi wa sekondari waulize, kila mzee ajibu kwa lugha aliyosimuliwa nayo, na mwenzake aruhusiwe kumkatalia mbele ya watu. Mabishano hayo yaandikwe yote bila kusawazishwa. Waliohojiwa mwaka 1968, na miongoni mwao walikuwamo walioviona vita kwa macho yao, wamekwisha kutangulia. Waliobaki walisikia mekoni, kwa bibi zao, na bibi hao aghalabu walisimulia njaa kuliko mikuki.