Sauti Mbichi na Sauti Iliyopikwa: Uhakiki wa Muziki Unaorekodiwa Nyumbani Kasha, Bukavu

Mwanamuziki asiye na studio katika mtaa wa Kasha, komini ya Bagira, aghalabu hurekodi chumbani mwake: kompyuta moja, maikrofoni moja na blanketi zilizotundikwa ukutani. Mvua ikigonga mabati, kazi husimama. Umeme ukikatika, husimama pia. Wahakiki wengi huishia hapo, wakahesabu upungufu wa vifaa na kuusamehe muziki wenyewe. Huruma hiyo haina faida. Suala zito ni jinsi lugha inavyotendewa tangu sauti inapoingia kwenye maikrofoni hadi wimbo unapohesabiwa kuwa umekamilika.

Uchache wa vifaa peke yake hauharibu neno. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville (Likasi ya leo), na miongoni mwa nyimbo hizo ni "Masanga". Ni gitaa na sauti ya mtu, basi. Uwiano wa viwili hivyo ulitokana na mahali maikrofoni iliposhikwa, wala si na kazi iliyofanywa baadaye. Mnamo 1979 kampuni ya Tascam ilitoa Portastudio, mashine ya kaseti yenye njia nne, na mtu wa kawaida akaweza kupanga sauti juu ya sauti nyumbani kwake. Mwaka 1997 zikaja programu za FruityLoops na Auto-Tune. Tangu hapo mtunzi, mwimbaji na mchanganyaji wa sauti wamekuwa mara nyingi mtu mmoja, na hapo ndipo penye kasoro isiyotajwa: mtu huyo anayajua maneno kwa moyo. Sikio lake husikia hata yale ambayo kompyuta imekwisha kuyameza.

Blanketi hunyonya sauti nyembamba, huku besi ikibaki kuvuma chumbani. Vikwaruzo kama /s/, /sh/ na /f/ hufifia. Mchanganyaji akiviinua kwa nguvu, huanza kupiga miluzi. Ngoma nzito nayo hufunika mngurumo wa chini wa /b/. Kwa mji ambamo watu husema "batu" na waimbaji huhamia "watu" wanapotaka kukaribia Kiswahili sanifu, tofauti hiyo si ndogo: ndiyo inayomwonyesha msikilizaji ni kwa nani mwimbaji anasema.

Shadda iko hatarini zaidi. Katika Kiswahili shadda hubebwa na urefu wa silabi na kupanda kwa sauti, pamoja na nguvu ya pumzi. Kompresa husawazisha nguvu. Auto-Tune huvuta kila silabi hadi kwenye noti iliyo karibu. Mdundo uliopangwa kwa gridi hugawa urefu kwa kipimo chake wenyewe. Nguzo zote tatu zikiondolewa, "barabára" ya magari na "barábara" ya jambo lililo sawasawa huwa neno moja, na muktadha huachiwa mzigo wote. Mashi huumia kwa namna nyingine, kwa kuwa toni yake hubeba maana. Mwimbaji hodari hujua wapi alegeze lahani ili toni ipite. Programu haijui, nayo husahihisha palepale alipokuwa sahihi. (Wapo wanaoitumia kusudi, kama pambo, hao wanajua wanachokiacha, na lawama hii haiwahusu.)

Madhara hayo yanafika hadi chuoni. Nyimbo hizi ni hazina ya Kiswahili cha Bukavu, nyingi kuliko mahojiano ambayo mtafiti angeweza kuyakusanya. Lakini mwanafunzi anayechambua kiimbo kutokana na wimbo uliokwisha kupikwa anachambua programu. Anachokihitaji ni ile njia ya sauti peke yake, kabla haijaguswa, na ndiyo inayofutwa kwanza diski inapojaa. Kwa kipimo cha sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, sauti ya njia moja huchukua takriban megabaiti 5 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni kama megabaiti 21. Idara ya Kiswahili yenye diski moja na daftari la kuandikia jina la wimbo, mtaa na tarehe inaweza kuanza kuzipokea sauti hizo mbichi muhula huu huu, kwa idhini ya waimbaji wenyewe.