Shimo Lisilovuja

Gari langu lilianza kuzima Kawangware, na halikuchagua mahali pazuri. Naivasha Road, saa moja asubuhi, mbele yangu mkokoteni wa mitungi ya maji, nyuma yangu matatu ya 46 yenye honi isiyo na adabu. Nikaondoa mguu kwenye mafuta. Injini ikatikisika mara mbili tatu kama mtu anayezuia kikohozi kanisani, ikanyamaza. Nikapiga stata, ikawaka. Nikikanyaga inanguruma vizuri, hata mlima inapanda. Nikisimama tu, inakufa.

Ni HiAce ya zamani, ile ambayo Nairobi nzima huiita shark, injini iitwayo 3L, dizeli ya lita 2.8 isiyo na kompyuta hata moja. Asubuhi nayo ilikuwa imeanza kuwaka kwa shida, stata inazunguka mpaka betri inalegea. Hilo sikulitilia maanani. Kumbe lilikuwa nusu ya jibu.

Gereji ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilibadilisha filta. Tujaribu hii, walisema. Kisha wakabadilisha hita plagi, tujaribu na hizi. Mara ya tatu wakatikisa kichwa wakanitajia pampu ya dizeli: imechoka, tafuta nyingine ya mtumba, na bei yake ilikuwa karo ya muhula. Sina ugomvi na neno "tujaribu" ila kwamba anayelilipia ni mwenye gari.

Jirani ndiye aliyenielekeza Kibera, upande wa Makina, kwa fundi ambaye gereji yake ni bati nne, mti mmoja na ardhi iliyolowa oili hadi ikawa ngumu kama lami. Aliniita Mwalimu baada ya kuona chaki na madaftari kwenye dashibodi. Boneti hakuifungua. Aliketi juu ya tairi akaanza kuniuliza maswali, na mimi, niliyezoea kuwa muuliza maswali, nikajikuta nimesimama mbele yake kama mwanafunzi.

"Ikizima, inazima ghafla kama taa ya stima, ama inayumba kwanza?"

Inayumba.

"Ikiwa baridi, ama hata ikiwa moto?"

Zote mbili.

"Asubuhi inawaka mara moja?"

Nikamweleza habari ya stata. Akatazamana na kijana wake wa spana, akatabasamu kidogo. "Sawa. Hii iko na njaa."

Baadaye ndipo alipofafanua. Pampu ya injini hii ina swichi ndogo ya umeme inayofungulia dizeli njia, na waya wake ukilegea gari huzima ghafla, kwa hiyo neno "kama taa" lingempeleka kwenye waya. Kuyumba kulimpeleka kwenye mafuta. Hivyo kabla hajashika spana, swali moja lilikuwa limeshafuta nusu ya mambo yaliyowezekana.

Mafundi wa Tanzania wana neno nililolipenda kwa mwendo huu wa gari kusimama huku injini inaendelea: huuita sailensi, yaani ukimya. Ni jina la haki, maana hapo ndipo injini inaposikika. Kuielewa njaa yake kunaanza na aliyeibuni: Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alitaka injini isiyohitaji cheche: hewa ibanwe hadi takriban sehemu moja ya ishirini ya ukubwa wake, ipate joto linalopita nyuzi 500, ndipo mafuta yadungwe ndani na yajiwashe yenyewe. Injini yake ilifanya kazi sawasawa huko Augsburg mwaka 1897, nayo ilikuwa dude refu kuliko mtu. Alipotoweka baharini mwaka 1913, akivuka kwenda Uingereza, hakuwa ameona gari hata moja la kuuzwa likitumia kazi yake. Kilichosubiriwa kilikuwa pampu ndogo ya kudunga mafuta kwa kipimo, ambayo Bosch walianza kuiuza mwaka 1927.

Kipimo hicho ndicho kiini cha shida yangu. Injini ikiwa kwenye sailensi, mizunguko 750 hivi kwa dakika, kila silinda hudungwa karibu mara sita kwa sekunde, na kila mara kiasi kinachoingia ni kidogo kuliko tone la maji, kidogo mara kadhaa. Nozo haifunguki mpaka mafuta yaisukume kwa shinikizo linalopita mara 100 lile la hewa tunayovuta. Dizeli haibaniki, kwa hiyo inasukuma. Hewa inabanika. Kiputo kidogo kikifika mahali pa dizeli, pampu hukibana, chenyewe kinajikunja kama sponji, na nozo haijui kama kuna aliyebisha hodi. Ukikanyaga mafuta, dizeli inapita kwa wingi na kiputo kinazolewa. Ukiachilia, kila kiputo ni mlo uliokosekana.

Sasa boneti ikafunguliwa. Kijana akashika waya wa mafuta, injini ikawa juu kidogo ya sailensi ili isizime. Fundi akachukua spana namba 17, akafunika nati ya nozo ya kwanza kwa kitambaa, kwa sababu dizeli inayotoka kwa nguvu ile hupenya ngozi, akailegeza robo mzunguko. Injini ikachechemea. Akaikaza, ikasimama sawa. Ya pili, ikachechemea. Hapo honi ikalia kwa mbali na treni ya kwenda Kikuyu ikaanza kupita Kibera, dizeli kubwa ikipita juu ya dizeli ndogo, na fundi akaondoa spana, akafuta mikono, akangoja. Hakuongea. Alingoja mpaka behewa la mwisho limezwe na mabati, ndipo akarudi kwenye ya tatu. Nimeona watu wakingoja ukimya wa namna ile mbele ya maiti na mbele ya sala tu.

Ya tatu, ya nne, zote zilichechemea kwa kiasi kilekile. Nikasikitika, nikidhani hatujapata kitu. Yeye alifurahi. Silinda moja ingenyamaza ikilegezwa, maana yake haikuwa ikifanya kazi, na lawama ingekuwa ya nozo yake au mgandamizo wake. Zote nne zikilalamika sawa, wagonjwa ni wanne na chungu ni kimoja. Ama pampu inapika vibaya, ama hailetewi unga.

Kijana alileta mtungi wa lita tano wenye dizeli safi. Kabla ya kuukubali, fundi alichovya kidole, akasugua kwa dole gumba, akanusa. Tangu Septemba 2018 serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, kuyachanganya na dizeli hakulipi kama zamani, lakini mafundi hawakuacha kunusa. Dizeli huteleza kati ya vidole. Mafuta ya taa hukauka na kukwaruza, na pampu hii hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, kwa hiyo kinachokwaruza vidole kitakwaruza chuma. Mtungi ukaning'inizwa kwenye ndoano ya boneti. Mpira mmoja mweupe unaopenya mwanga ukashuka kutoka mtungini moja kwa moja hadi kwenye pampu, ukiruka tangi, filta na kila kilicho katikati. Gari likawa limelazwa wadi, na dripu mkononi.

Injini ikawaka. Kijana akaachilia waya. Tukangoja iyumbe, haikuyumba. Ilinguruma palepale, chini, nzito, kama mashine ya kusaga posho mtaa wa pili.

Pampu iliyohukumiwa bei ya karo ikawa haina hatia.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya iliyotangaza ulimwenguni neno "sekta isiyo rasmi", ambamo mafundi kama huyu huhesabiwa. Novemba 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji akawaahidi vibanda vya kuwafunika jua. Ripoti na ahadi za namna hiyo hujua kuwahesabu watu hawa: wangapi, wanaajiri nani, wanalipa nini. Nilichokitazama Makina hakihesabiki kirahisi. Mtu aligawa tatizo mara mbili, kisha nusu mara mbili tena, kwa spana moja na mtungi mmoja, bila kununua spea hata ya shilingi tano. Hesabu hii mimi huifundisha darasani kwa ubao, na wanafunzi wangu huniuliza itawafaa wapi.

Sidai kwamba sikio linatosha kwa kila gari. Dizeli za sasa zina reli moja ya shinikizo na kompyuta, na fundi huyu naye ana kidude anachochomeka chini ya usukani, kinachomwonyesha namba kwenye simu. P0087, kwa mfano: shinikizo la reli liko chini. "Namba inakuambia mtoto analia," alisema. "Haikuambii ni njaa ama ni tumbo." Kisha anarudi kwenye mtungi na mpira mweupe.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kurudi nyuma. Alirudisha filta, akaacha kipande cha mpira mweupe kati yake na pampu kama dirisha. Viputo vikaonekana, vidogo, vikifuatana kama siafu. Akahamisha dirisha hadi kabla ya filta. Bado vilikuja. Akalala chini ya gari, akafuata njia ya mafuta kwa vidole, pole pole, mpaka karibu na tangi, penye mpira mweusi uliokaa na gari tangu Japani. Ulikuwa mkavu kabisa. Nikamwambia hapo hakuvuji.

"Hakuvuji, Mwalimu. Hapa dizeli haisukumwi, inavutwa. Shimo la hapa halitoi kitu nje. Linaingiza."

Na usiku, gari likiwa limelala, shimo hilohilo linaachia dizeli irudi tangini taratibu, asubuhi stata inazunguka ikivuta hewa tupu.

Mpira mpya ulikuwa wa shilingi 150. Niliulizia ule wa zamani niuonyeshe nyumbani, nikanyimwa. Fundi ana mkebe wa maziwa ya unga uliojaa vitu kama hivyo: mipira, mihuri, ncha za nozo, kila kimoja kilichowahi kumsumbua. Alimrushia kijana mpira wangu. Kijana akaziba mdomo mmoja kwa dole gumba, akauzamisha kwenye karai la maji, akapuliza upande wa pili. Hakuna kitu. Akageuka kumtazama fundi, ambaye tayari alikuwa akinawa mikono kwa omo.

"Ukunje," fundi alisema bila kugeuka.

Akaukunja pale klipu ilipokuwa imeuma, akapuliza tena, mashavu yamejaa. Kamba nyembamba ya mapovu ikapanda kutoka chini ya karai. Akatema dizeli, akacheka, akaukunja upya.